Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: nishani za wastaafu ziandikwe wangali hai

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kaptembwo, magharibi mwa jiji la Nakuru, kwa ajili ya wazee waliolitumikia jeshi letu na ambao vyeti vyao havisemi yote waliyoyafanya. Ombi langu ni kwamba kumbukumbu za utumishi za wanajeshi wastaafu zisahihishwe, na kila nishani ambayo askari aliistahili iingizwe kwenye faili yake na kwenye cheti chake, wakati mwenyewe angali na macho ya kuisoma.

Nakuru ni mji wa askari tangu zamani. Mashariki ipo Lanet na kambi zake. Ukishika barabara ya Nairobi unafika Gilgil, ambako majeshi yalipiga kambi tangu Vita vya Pili vya Dunia. Wengi waliopita huko hawakwenda mbali walipostaafu. Mgeni wa Kaptembwo huona nyumba za kupanga zilizobanana, vibanda vya mboga na bodaboda zinazogombea abiria. Wazee hawa hawatambui, kwa sababu wamevaa koti la kawaida kama kila mtu, na baadhi yao usiku wanalinda mageti ya wenye mali.

Baba yangu mkubwa ni mmoja wao. Mwaka 1989 alipelekwa Namibia na kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoisimamia nchi hiyo ilipokuwa ikitoka mikononi mwa Afrika Kusini, hadi uhuru wake wa tarehe 21 Machi 1990. Batalioni za askari wa miguu katika operesheni ile zilitoka nchi tatu: Finland, Malaysia na Kenya. Naibu kamanda wa kikosi kizima alikuwa Mkenya, Daniel Opande, ambaye baadaye aliongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa huko Sierra Leone na Liberia. Baba mkubwa akianza kusimulia uchaguzi wa Novemba 1989 hamalizi: foleni ndefu, akina mama na watoto mgongoni, wazee waliokuwa wakipiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Aliwalinda watu wale wakachagua, na hakuna kitu katika utumishi wake anachojivunia kuliko hicho.

Aliyetimiza siku 90 katika operesheni ile alistahili nishani. Yeye alitimiza, akavishwa kwenye gwaride pamoja na wenzake. Lakini cheti alichopewa alipostaafu kina namba yake ya jeshi, cheo chake, miaka yake ya kazi na maneno mazuri kuhusu tabia yake; penye nishani hapana kitu. Karani fulani hakunakili, na faili ikafungwa hivyo. Simtafuti karani huyo, na huenda alishatangulia mbele za haki. Kinachoniuma ni kwamba mzee alipouliza, kila meza ilimwelekeza kwenye meza nyingine, mpaka akaacha kuuliza.

Nishani yenyewe iliibwa wezi walipovunja nyumba. Hata isingeibwa, isingemsaidia sana kama ushahidi, kwa kuwa nishani za Umoja wa Mataifa hazichongwi jina la aliyepewa. Mbele kuna nembo ya Umoja, nyuma kuna maneno machache kuhusu huduma ya amani, basi. Jina la askari liko kwenye karatasi peke yake. Karatasi isipolitaja, nishani inaweza kuwa ya yeyote, hata ya aliyeinunua kwa muuza vyuma chakavu. Ndiyo maana, Mheshimiwa, mstari mmoja uliorukwa na karani ni sawa na kumvua mtu nishani kifuani.

Fedha hazimo katika madai haya. Nishani hiyo haina posho ya mwezi, na mzee anajua hivyo. Lakini huku kwetu mtu akifa, wasifu wake husomwa mbele ya jeneza, na anayeuandika huandika kutoka kwenye vyeti vilivyo ndani ya sanduku la marehemu. Kisichokuwa kwenye cheti hakisomwi. Wajukuu watasikia kwamba babu alikuwa jeshini miaka kadhaa, akastaafu, Namibia hawataisikia. Na kwa aliyestaafu akiwa bado na nguvu, cheti hicho ndicho anachokipeleka kwa mwajiri.

Wala si Namibia pekee. Wapo waliokuwa Sierra Leone Mei 2000, waasi wa RUF walipowageukia walinda amani, na askari wetu wakazingirwa Makeni na Magburaka. Baadhi ya Wakenya hawakurudi hai. Wapo waliokwenda Yugoslavia ya zamani, wapo wa mpaka wa Ethiopia na Eritrea, na sasa wameanza kustaafu waliovuka kuingia Somalia kuanzia Oktoba 2011. Tusiposahihisha makosa ya kizazi cha kwanza, yatarudiwa kwa hawa.

Najua jibu ambalo wazee huogopa kulisikia: kumbukumbu ni za zamani, hazipatikani. Ninaamini zinapatikana. Umoja wa Mataifa hurudishia nchi fedha kwa kila askari aliyepelekwa, kwa kila mwezi aliokuwa kazini. Malipo ya namna hiyo hayafanyiki bila hesabu ya vichwa. Askari walisafirishwa kwa zamu, na kila zamu ilikuwa na orodha. Namibia ikikosekana kwenye faili ya baba mkubwa, jina lake litafutwe kwenye orodha ya safari au kwenye daftari la mishahara la mwaka ule.

Wengine wamelifanya hili katika hali ngumu kuliko yetu. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza jengo la kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani karibu na St. Louis, na faili kati ya milioni 16 na 18 zikapotea. Serikali yao haikuwaambia wastaafu kwamba mambo yameishia hapo. Ilikusanya hati za malipo na karatasi nyingine zilizosalia mahali pengine, ikajenga upya kumbukumbu za kila anayeomba. Na cheti cha askari wao kikiwa na upungufu, hutolewa karatasi ya masahihisho inayoambatanishwa nacho. Sisi hatujaunguliwa na jengo.

Sheria nayo iko upande wa wazee. Katiba ya 2010, Ibara ya 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma irekebishe habari za mwombaji zilizo na makosa au upungufu, kwa gharama ya taasisi yenyewe. Hakuna siri ya vita inayofichuliwa kwa kuandika kwamba Mkenya alilinda uchaguzi wa Namibia. Jambo hilo liko vitabuni.

Tumeshaona kumbukumbu mbovu zinavyowatenda wafu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watu wasiopungua 116,000 waliofia upande wa Uingereza, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwao wamo wapagazi wa kikosi kilichoitwa Kariokoo, waliobeba mizigo ya jeshi hadi wakaanguka njiani. Leo wataalamu wanahangaika kutafuta majina ambayo wakati ule yangeandikwa kwa kalamu moja na karani mmoja mwenye nia. Wale walitawaliwa na wageni. Baba mkubwa alikula kiapo kwa Jamhuri yake mwenyewe.

Ninachokuomba kinawezekana mwaka huu huu. Teua siku katika kila robo ya mwaka, maofisa wa kumbukumbu waje Lanet au Huduma Centre ya hapa Nakuru, wapokee maombi na kumpa mzee risiti yenye tarehe. Nauli ya kwenda Nairobi na kurudi ni chakula cha siku kadhaa kwa nyumba ya huku. Pale faili inapokosa ukurasa, ukubali picha za gwaride, barua za zamani na kiapo cha mwenzake aliyekuwa naye kikosini. Wajane na watoto waruhusiwe kuomba kwa niaba ya marehemu, kwani Uingereza hadi leo hupokea maombi ya nishani kutoka kwa ndugu wa askari waliokufa. Na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, ajue pa kukata rufaa.

Haraka inatakiwa hasa katika suala la mashahidi. Aliyekuwa na miaka 30 Namibia sasa ana zaidi ya 60, na waliosimama naye kwenye gwaride lile wanazidi kupungua. Wakiisha, hakutakuwa na wa kuapa.

Picha ya gwaride ipo, namba ya jeshi ipo, na mzee yupo hapa Kaptembwo tayari kuhojiwa siku yoyote. Tafadhali, Mheshimiwa, toa agizo kazi ianze.

Wako katika kulijenga taifa,
Mkazi wa Kaptembwo, Nakuru