Lazaro Alikuwa na Jina



Wapendwa wanaparokia, juma lililopita alitujia kijana mmoja wa kwetu, akatueleza kwamba anataka kuwa mpiga picha. Si wa harusi na ubatizo, alisema, bali wa matatizo ya jamii: akina mama wavunja kokoto, watoto walalao sokoni, vijana walioharibiwa na dawa za kulevya. Alitaka tumsemee kwa baba yake, ambaye anashikilia kwamba hiyo si kazi. Sisi tunasema ni kazi, tena nzito. Ugomvi wetu ni juu ya namna inavyofanywa, nao unaanzia humu humu parokiani.

Tumtazame Lewis Hine, mwalimu wa New York, ambaye tangu mwaka 1908 aliwapiga picha watoto waliofanyishwa kazi katika viwanda na migodi ya Marekani. Kwa kuwa wenye viwanda hawakumtaka, mara nyingine aliingia kwa kujifanya muuza Biblia (uongo huo hatuusifu, ingawa tunakiri umetuchekesha). Mfukoni alikuwa na daftari, akiandika humo kwa siri jina la mtoto, umri wake na kazi yake. Kimo cha mtoto alikipima kwa vifungo vya koti lake mwenyewe. Picha ikibishiwa, daftari lilikuwapo. Sheria ya taifa zima ya kuwabana waajiri wa watoto ilipatikana mwaka 1938, na Hine akafa mwaka 1940 akiwa fukara. Anayeitafuta kazi hii kwa ajili ya fedha na ajue hilo mapema.

Sasa tumtazame mwingine. Mwezi Machi 1936 Dorothea Lange, aliyeajiriwa na serikali ya nchi hiyo hiyo, alisimama kwa muda mfupi katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, akampiga picha mama mmoja na wanawe. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba hakumwuliza jina. Picha ikaenea duniani kote. Florence Owens Thompson, mama mwenyewe, alijulikana kwa jina mwaka 1978 tu, alipolalamika kwamba picha ile haikumpatia hata senti.

Katika mfano wa Injili, tajiri hana jina. Maskini ndiye mwenye jina, Lazaro. Wapiga picha wengi wameugeuza mfano huo. Jina la mpiga picha tunalijua, jina la mfadhili limeandikwa kwa herufi kubwa, na Lazaro ameitwa "mhitaji".

Tutajibiwa kwamba picha huleta msaada, na aliyeshikwa na njaa hana haja ya heshima. La hasha! Hata picha ile ya Nipomo ilileta msaada: serikali ilipeleka kambini tani zipatazo 9 za chakula. Lakini mama yule na wanawe walikuwa wamekwisha kuondoka. Walikula wengine, jambo jema. Ila aliyetoa uso wake hakuonja. Nani angejua pa kumtafuta mtu ambaye hakuulizwa hata jina?

Nasi tusijifiche nyuma ya Marekani. Kwaresima iliyopita tulimpa mjane mmoja unga, tukamsimamisha katikati ya viongozi wetu, gunia mbele yake, tukapiga picha. Ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, ikasambazwa kwenye simu. Hatukumwomba ruhusa. Tangu hapo mjukuu wake anaitwa shuleni "mtoto wa unga", na bibi mwenyewe haonekani tena kanisani. Gunia lile liliisha kwa majuma machache. Picha ingalimo simuni mwa watu hadi leo. Aliyeruhusu ni sisi, paroko, si katekista wala mtu wa kamati.

Kwa hiyo kijana wetu tumempa daftari kabla ya kuzungumzia kamera. Tumemtuma kwa wavunja kokoto akakae nao, aulize majina, aulize nani anakubali kupigwa picha na nani anakataa, na atakayekubali apelekewe nakala yake mkononi. Baba yake tumemwita ofisini Jumamosi baada ya misa ya asubuhi. Picha ya ubaoni tumeibandua. Walio nayo simuni tunawaomba waifute leo. Jumapili mchana tutakwenda kwa yule bibi kuomba radhi, bila kamera.