Ndoto si Mshahara

Wasomaji wetu wengi ni wapenzi wa kandanda, na huenda besiboli, mchezo unaopendwa sana na Wamarekani, ukawa mgeni kwao. Lakini tunayoyaeleza leo hayahusu ufundi wa mchezo. Yanahusu haki ya mfanyakazi, na haki haina ugeni popote.

Katika besiboli mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpinzani aliyeshika gongo, na mara nyingi ushindi humtegemea yeye. Kila timu ya Ligi Kuu ya Marekani ina timu ndogo chini yake, zilizopangwa kwa madaraja, ambamo vijana hufundishwa na kupimwa. Kijana huanzia chini, akapandishwa au akashushwa, akahamishwa mji hadi mji. Na walio wengi humaliza ujana wao bila ya kuikanyaga Ligi Kuu hata siku moja.

Mmoja wao ni Garrett Broshuis. Mwaka 2004 alichaguliwa na timu ya San Francisco Giants akitokea Chuo Kikuu cha Missouri. Alirusha mpira katika timu ndogo kwa misimu sita, akafika daraja lililo chini tu ya Ligi Kuu, na hapo safari yake ikakoma. Katika miaka hiyo wachezaji wa timu ndogo walilipwa kwa miezi ya mashindano tu. Mazoezi ya kabla ya msimu hayakuwa na ujira, na majira ya baridi yalipoingia wengi walitafuta vibarua ili wapate kula.

Wenye Ligi Kuu walishikilia kwamba hao walikuwa wanagenzi tu, wakiandaliwa kwa neema iliyo mbele. Ni kweli wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kuinama ni jambo moja, na kukanyagwa mgongoni ni jambo jingine. Mwenye nyumba hapokei kodi kwa ndoto, wala muuza mkate hakubali kulipwa kwa matumaini.

Broshuis alisomea sheria, na mwaka 2014 akawa miongoni mwa mawakili waliofungua kesi kwa niaba ya wachezaji hao. Kesi ikiwa bado mahakamani, mwaka 2018 kifungu kimoja kilichomekwa ndani ya sheria ya bajeti ya Marekani yenye kurasa zaidi ya 2,200. Kifungu hicho kiliwanyima wachezaji wa timu ndogo malipo ya saa za ziada, pamoja na kinga ya kima cha chini cha mshahara nje ya msimu wa mashindano. Waliokitetea walidai kwamba kitazinusuru timu za miji midogo. Hata hivyo, mwaka 2021 wenye Ligi Kuu walizipunguza timu hizo kutoka 160 hadi 120.

Mwaka 2022 Ligi Kuu ilikubali kulipa dola milioni 185 kuimaliza kesi. Mwaka huohuo wachezaji wa timu ndogo, wapatao zaidi ya 5,000, walijiunga na chama cha wachezaji wa Ligi Kuu, na mwaka 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Mshahara wa chini kwa mwaka katika daraja lililo karibu na Ligi Kuu ulipanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hayo hayakuletwa na huruma ya matajiri, wala na mchezaji mashuhuri. Aliyeianza kazi hiyo ni mrushaji ambaye jina lake halikuwahi kuimbwa katika viwanja vikubwa, na iliyoikamilisha ni sauti ya wengi waliosimama pamoja.

Kwa hiyo twawakumbusha wale waliokabidhiwa kalamu ya kutunga sheria, popote walipo, kwamba kifungu kidogo kilichofichwa katika kitabu kikubwa chaweza kumnyang'anya mnyonge riziki yake. Na kila anayeajiri vijana, iwe uwanjani, baharini au karakanani, na ajiulize: je, namlipa kijana huyu jasho lake, au namlipa ahadi?