Otomatiki Ipi?

Hakuna ubishi kwamba miongoni mwa maneno ya kigeni ambayo Kiswahili kimeyapokea kwa ukarimu, maneno ya gari yako mstari wa mbele. Gia, klachi, breki, injini, tairi, spea: yote yamevishwa irabu zetu, yametiwa katika ngeli, na leo hata bibi wa Kikambala asiyewahi kushika usukani huyatamka bila kuhisi ugeni wowote. Lakini limo neno moja katika kundi hilo ambalo, kwa maoni yangu, lilipokelewa kwa haraka mno. Neno hilo ni otomatiki. Limebebeshwa mitambo mitatu isiyofanana, na uvivu huo wa lugha unawagharimu watu fedha nyingi, hasa sisi wakazi wa Mtwapa ambao kila asubuhi hutambaa katika msongamano wa magari yanayoelekea Mombasa.

Nenda kwa wauzaji wa magari yaliyotumika, yale yanayoshushwa bandarini, uulize gari hili lina gia za namna gani. Utajibiwa moja kati ya mawili: za mkono, au otomatiki. Leseni zetu za udereva nazo zinaujua mgawanyo huohuo tu. Mnunuzi akishasikia "otomatiki" huridhika, kwa kuwa ameelewa kwamba mguu wake wa kushoto utapumzika. Kilichomo ndani hakiulizi, na hata angetaka kuuliza, lugha haikumpa swali la kuuliza.

Tuitazame basi mitambo yenyewe. Otomatiki ya kwanza, ile ya tangu zamani, huipeleka nguvu ya injini kwenye gia kwa kupitia oili. Ndani yake mna kama mapangaboi mawili yanayotazamana. Injini hulizungusha la kwanza, oili husukumwa, nayo oili hulisukuma la pili. Gari linapoanza kujongea hapana vyuma vinavyosuguana, kwa hivyo unaweza kunyata nalo mchana kutwa mradi oili isichemke. Ya pili ni ile ya mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kufinyika. Hii haina gia za kuhesabika, na ndiyo iliyomo katika magari mengi madogo ya Kijapani tunayoyaona hapa, mathalan Nissan Note.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Hii kwa hakika ni giaboksi ya mkono. Ina magurudumu ya meno na klachi za kusuguana sawasawa na za matatu, ila mkono na mguu wa kushoto wa dereva vimestaafishwa na kazi yao ikakabidhiwa kompyuta. Tena klachi zenyewe ni mbili. Moja hushughulikia gia witiri, yaani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba; nyingine hushughulikia gia shufwa, yaani ya pili, ya nne na ya sita.

Madereva wetu wana kitenzi kizuri sana: kupangua gia. Wanafunzi wa mofolojia watakumbuka kiambishi cha kutendua, kile kinachotupa fungua kutokana na funga, zibua kutokana na ziba, na pangua kutokana na panga. Dereva wa gia za mkono hupangua kwanza ndipo apange. Kati ya vitendo hivyo viwili pana kitambo kifupi ambapo injini haisukumi chochote, na ndicho kitambo ambacho abiria wa matatu huinama mbele wote kwa pamoja kana kwamba wameamrishwa. Giaboksi ya klachi mbili huugeuza utaratibu huo. Unapokwenda katika gia ya pili, gia ya tatu imekwisha kupangwa upande wa klachi nyingine, inangoja tu. Klachi moja ikiachia, ya pili inashika, na yote hayo hutendeka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mtambo huu hupanga kabla ya kupangua. Huo ndio ubora wake, na humohumo ndimo zinamochimbuka taabu zake mjini.

Kwani ili kupanga mapema, ni lazima kubashiri. Katika barabara ya wazi, tuseme kutoka Vipingo kwenda Kilifi, kompyuta hubashiri vizuri: gari linaongeza mwendo, kwa hiyo gia ifuatayo ni ya juu. Lakini toka Mtwapa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tuktuk inachomoza kutoka kushoto, bodaboda wawili wanapita kulia, matatu iliyo mbele inasimama ghafla kwa sababu makanga ameona abiria. Unajongea hatua kumi, unasimama, unajongea tena. Kompyuta imepanga gia ya pili, kumbe inatakiwa ya kwanza. Inapangua, inapanga upya, na gari linashtuka kama punda aliyeguswa kwa kiboko. Wengi hudhani ni ubovu. Mara nyingi si ubovu, ni bashiri iliyokwenda kombo.

Zito zaidi ni joto. Gari linapotambaa polepole kuliko gia ya kwanza inavyotaka, klachi haishiki kikamilifu. Inateleza nusu nusu, na mtelezo huo ni msuguano, na msuguano ni moto. Kila aliyejifunza gia za mkono ameonywa na mwalimu wake asikae akibalansi klachi mlimani, kwa kuwa atasikia harufu ya kuungua. Ndani ya giaboksi hii kompyuta inabalansi kwa niaba yako, nawe hujui, kwa sababu umeambiwa gari ni otomatiki. Ukifika kwenye mteremko wa kuingia darajani Mtwapa, kisha ukapanda upande wa pili magari yakiwa yamegandana, utawaona madereva wakilizuia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo badala ya breki. Otomatiki ya oili itawasamehe. Ya klachi mbili haitawasamehe, hasa ikiwa klachi zake ni kavu, maana ziko klachi zilizozamishwa katika oili inayochukua joto, na ziko zile zisizo na kitu cha kuzipoza ila hewa. Na hewa ya Pwani tunaijua.

(Wazee wa hapa husimulia kwamba kabla ya daraja, kivuko cha Mtwapa kilivutwa kwa mnyororo na watu waliokuwa wakivuta huku wakiimba. Walau wakati ule mvutaji alipochoka kila abiria alijua.)

Mtambo huu si mpya kama tunavyodhani. Wazo lake huhusishwa na Mfaransa Adolphe Kégresse, kabla ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia. Porsche waliutumia katika magari ya mashindano katika miaka ya 1980, na Volkswagen wakauingiza katika gari la kuuziwa umma mwaka 2003. Uchina, yenye miji iliyosongamana kupita yetu, ndiyo iliyouonja uchungu wake mapema. Mnamo Machi 2013, baada ya televisheni ya taifa kutangaza malalamiko ya wenye magari, Volkswagen ilitangaza kuyaita gereji zaidi ya magari 384,000 huko kwa sababu ya giaboksi hizo. Mwaka huohuo kampuni hiyo iliamua kubadilisha oili katika giaboksi za aina ya gia saba, kwa kuwa ile ya awali iliweza kuleta hitilafu za umeme mahali penye joto na unyevu. Mahali penye joto na unyevu! Msomaji wa Shanzu au Mtwapa hahitaji ramani.

Kwetu sisi mtambo huu haukuja zaidi kwa magari ya Kijerumani. Ulikuja kimyakimya ndani ya Honda za haibridi. Fit ya haibridi iliyotoka mwaka 2013, na Vezel ya haibridi iliyoifuata mwishoni mwa mwaka huo, zina giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili kavu. Huko Japani ziliitwa gereji mara kadhaa katika mwaka wake wa kwanza, ikiwemo kwa ajili ya programu inayoiongoza giaboksi. Kwa kuwa kanuni za Kenya huzuia gari lililozidi umri wa miaka 8 kuingizwa nchini, magari hayo yalianza kutufikia kwa wingi pale yalipokuwa yamekwisha kuchoka kidogo na bei yake imeshuka. Na sasa tazama fumbo lililopo: Fit ya petroli tupu ina mkanda, Fit ya haibridi, ya umbo lilelile na jina lilelile, ina klachi mbili. Kwa muuzaji zote mbili ni "Fit otomatiki". Honda wenyewe waliuacha mtambo huo katika haibridi zao za Fit za mwaka 2020 na Vezel za mwaka 2021, lakini zile za kwanza bado ziko barabarani mwetu.

Namfahamu mwalimu mmoja wa shule ya upili aliyekopa katika chama chao cha akiba na mikopo akanunua gari la namna hiyo. Mwaka wa pili likaanza kutetema kila linapoondoka. Gereji moja, ambayo sitaitaja, ikamwambia ni oili, ikaimwaga iliyokuwemo na kutia ile ya magari ya mkanda, kwani kopo lilikuwa limeandikwa kwamba ni ya otomatiki. Hali ikazidi kuwa mbaya. Hatimaye aliambiwa anunue giaboksi nzima iliyotumika, kwa fedha zilizokaribia mishahara yake ya miezi mitano, na mkopo wa kwanza ungali haujakwisha. Fundi yule hakuwa mwizi wala mjinga. Alikuwa na neno moja kwa vitu vitatu, akatenda kama neno lilivyomwelekeza.

Wapo watakaosema dawa ni kutumia Kiingereza. Siafiki. Kitabu cha maelezo ya gari hilo kimeandikwa Kijapani, na kioo chake huzungumza Kijapani. Kiingereza nacho ni mgeni mle ndani. Vyuo vyetu vya ufundi hufundisha na kutahini kwa Kiingereza, lakini chini ya mwembe ambako gari hufunguliwa kwa kweli, fundi na mwanagenzi wake husemezana kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, kazi ya kupigiwa mfano. Gereji bado inangoja zamu yake.

Wala sipendekezi tujifungie chumbani tubuni maneno. Tuliyaona ya ngamizi na tarakilishi: wasomi walishindana, na watu sokoni wakaendelea na kompyuta yao. Istilahi ya gari ianzie pale inapotumika. Kwa maoni yangu yatosha kusema otomatiki ya oili, otomatiki ya mkanda na otomatiki ya klachi mbili. Ni maneno ambayo mwanagenzi wa siku tatu anayaelewa, na kila moja limebeba onyo lake ndani. Anayejua ana klachi atakumbuka kwamba klachi huungua.

Atakayeuliza kama mtambo huu unafaa Mtwapa, jibu langu ni hili. Kwa anayekwenda Kilifi au Malindi kila siku unafaa, tena ni mwepesi na hunywa petroli kidogo. Kwa anayekwenda Mombasa mjini asubuhi na kurudi jioni, ningemshauri achague mkanda au oili, na asione haya. Aliyekwisha kuununua aishi nao hivi: asimfuate wa mbele kwa hatua mbili mbili, bali aache nafasi ifunguke ndipo aende kwa mara moja klachi ishike sawasawa, akisimama akanyage breki kikamilifu, maana hapo ndipo klachi huachia, mlimani ashike kwa breki, si kwa mafuta, na asiteremke na gia zikiwa huru kwa kudhani anaokoa petroli, kwani injini za leo hukata petroli zenyewe gari linapoteremka ndani ya gia. Oili iwe ile hasa iliyotajwa na mtengenezaji, hata kama kopo la jirani lina bei nusu.

Nami nimeanza kuwatuma wanafunzi wangu katika gereji za Mtwapa na Majengo wakiwa na daftari, wayaandike maneno ya mafundi jinsi yanavyotamkwa. Walimu wa Malindi, Lamu na Kwale wenye msamiati wa kwao wasisite kuuleta katika ukurasa huu, hasa neno la kile kitendo cha gari kutambaa klachi ikiteleza, ambacho hapa kwetu vijana wanakiita kubalansi na ambacho ningependa kujua kama kwingineko kina jina jingine.