Mwalimu wa ufundi anadaiwa vyeti, naye anadai mshahara

Tangu litoke toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, na mkondo wa amali uanze kuingia katika shule za sekondari mwaka 2024, neno ujuzi limekuwa midomoni mwa kila mtu. Wabunge wanalisema, maafisa elimu wanalisema, na hata baadhi ya makhatibu wetu hulitaja siku ya Ijumaa wanapowausia vijana waache kukaa vijiweni. Ni neno jema. Lakini katika maneno yote hayo ni nadra kumsikia mtu akiuliza hali ya yule atakayeufundisha huo ujuzi, awe ni mwalimu wa VETA, mwalimu wa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, au fundi anayefundisha ushonaji katika kituo kilicho ubavuni mwa msikiti.

Sisi wa Mbalizi hatuhitaji kuelezwa thamani ya fundi. Barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia inapita katikati ya mji wetu, na malori yakikwama ni vijana wetu wanaoingia chini yake. Wengi wao wamejifunza kuchomelea na umeme wa magari katika gereji, mikononi mwa mafundi ambao wenyewe hawakupitia chuo. VETA iliutambua ukweli huo ilipoanzisha utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi yake na kupewa cheti. Hilo tunalipongeza. Hata hivyo cheti hicho kinamtambua kuwa fundi tu, hakimfanyi mwalimu. Kwa hilo anatakiwa mafunzo ya ualimu wa ufundi stadi, na chuo kinachojulikana kwa kazi hiyo kipo Morogoro, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa. Mtu anayelisha familia kwa kipato cha kutwa ataifunga gereji yake kwa muda gani, na watoto wale nini?

Hatusemi kuwa ualimu hauna elimu yake. Anayejua kushona si lazima awe anajua kufundisha kushona, na mwanafunzi aliyelipa ada ana haki ya kupata mwalimu aliyeandaliwa. Tunachosema ni kwamba mlango umewekwa mbali na watu wanaohitajika kuuingia. Isitoshe, msimamizi wa vituo naye amebadilika: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, usajili na usimamizi wa mafunzo ya ufundi stadi uko kwa NACTVET, na VETA imebaki kuwa mtoa mafunzo. Kituo kidogo chenye cherehani sita na walimu wawili nacho kinapaswa kuufuata utaratibu huo.

Hofu ya karatasi ina historia. Katika uhakiki wa mwaka 2017, watumishi wa umma wapatao 10,000 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na hao hatuwatetei. Lakini katika kipindi hichohicho waliondolewa kazini pia watumishi wa darasa la saba ambao hawakughushi chochote. Mwezi Aprili 2018 Serikali iliagiza walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe kazini. Waliorudi walishukuru. Ila tangu hapo, mtu wa mikono aliye kazini amejifunza kuuogopa uhakiki kuliko anavyouogopa moto wa kuchomelea.

Mwalimu wa msingi na wa sekondari, pamoja na shida zake zote, ana Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mwalimu wa chuo hayumo humo. Wa VETA yuko chini ya mamlaka yake, wa Maendeleo ya Wananchi yuko chini ya wizara, na wa kituo binafsi yuko chini ya huruma ya mwenye kituo. Tuvitazame hivi vyuo vya wananchi, kama kile cha Nzovwe kilicho jirani yetu au cha Ilula mkoani Iringa. Vilianza mwaka 1975 kwa msaada wa Uswidi, Mwalimu Nyerere akiwa amevutiwa na vyuo vya aina hiyo katika nchi za Skandinavia. Vilizaliwa katika Wizara ya Elimu, vikahamishiwa wizara ya maendeleo ya jamii, kisha vikarudishwa Elimu. Jalada la mtumishi halihami kwa kasi ya tangazo la waziri. Na katika miaka ya karibuni vyuo hivyo vimewapokea wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito, wengine wakija na watoto wao, kazi adhimu ambayo mwalimu aliyeajiriwa kufundisha useremala au mapishi ameongezewa juu ya ile ya kwanza.

Mwaka 2016 Serikali ilisitisha upandishaji vyeo ili uhakiki ufanyike, na walioguswa walikuja kufidiwa baadaye kwa kile kilichoitwa mserereko. Fomu za OPRAS nazo zimeondoka, sasa mtumishi anajaza kazi zake katika mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Kama vijiti vya kuchomelea viliisha mwezi wa pili wa muhula, ni juu ya mwalimu kueleza kwa nini somo halikufundishwa. Wakati huohuo tozo ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri, iliyokuwa asilimia 6 hadi mwaka 2013, ilishuka hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023, huku vyuo vikiongezwa wilayani. Waajiri wamepata nafuu, na tunawaelewa. Vijiti navyo vinunuliwe na nani?

Lakini haifai kuielekezea Serikali kidole peke yake. Jumuiya na kamati za misikiti nazo ni waajiri. Katika vituo vyetu neno "anajitolea" limekuwa pazia: mwalimu anafundisha kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, anaambiwa asubiri ada, na ada ikipatikana inaezekea paa. Waumini tunaijua hukumu ya jasho la kibarua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inataka masharti ya kazi yaandikwe, na mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, ambayo mwajiri haruhusiwi kumkata mwalimu zaidi ya nusu yake. Msikiti haukusamehewa hayo.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zenye vituo, katika kikao chao kijacho cha hesabu, zisome mbele ya jamaa jina la kila mwalimu, tarehe ya mkataba wake, na mwezi wa mwisho aliolipwa. Na mwalimu anayedai, wa kwetu au wa kwingine, afahamu kwamba madai yasiyohusu kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na ya kuachishwa ndani ya siku 30.