Nahodha Si Mtalii

Aghalabu katika kurasa za jarida la chama chetu husifiwa udaktari, uanasheria na urubani wa ndege. Mimi leo nataka kuwapeleka baharini, ingawa najua kutoka hapa Thika hadi bahari ilipo ni safari ya usiku kucha kwa basi. Maoni yangu ni haya: kazi ya nahodha wa boti za kukodiwa ni kazi ya elimu na dhamana kubwa, si starehe wala si kimbilio la waliofeli, na sisi wa bara, wasichana kwa wavulana, tuna haki ya kuitamani.

Najua kuna watakaocheka. Tulipoulizwa darasani kila mmoja anataka kuwa nani, nilijibu kwamba nataka kuwa nahodha. Mwenzangu mmoja akadakia, "Sasa wewe bahari utaitoa wapi, kwa Mto Ruiru?" Mwingine akaongeza, "Huyo anataka tu kuota jua na wazungu." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikukasirika. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hebu basi niwafikishe.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ni nahodha wa boti ya uvuvi wa wageni kule Watamu, kaunti ya Kilifi. Tukienda ushago kwa kina mama mwezi wa Desemba, huwa namwona anavyofanya kazi. Huamka saa kumi za usiku. Wageni wakifika alfajiri, wanakuta tayari amekagua mafuta, injini, pampu ya kutoa maji ya ngama, redio ya mawasiliano, nanga na kamba yake, na jaketi za kujiokoa moja baada ya nyingine. Baada ya hayo hutazama mbingu, upepo na maji. Ni lazima ajue maji yatajaa saa ngapi na yatakupwa saa ngapi, maana kabla ya kufika bahari kuu kuna mwamba, na mlango wa kupitia ni mwembamba. Siku za bamvua maji huenda kwa nguvu sana; siku za maji mafu hutulia. Mambo hayo hayasomwi kwa siku moja, tena makosa yake hayafutiki kwa kifutio kama hesabu za daftarini.

Mgeni naye ana yake. Amelipa pesa nyingi, anataka kumpata sulisuli siku hiyo hiyo. Asipompata hununa, kana kwamba nahodha ndiye aliyemficha yule samaki. Nahodha hana ruhusa ya kununa. Anapaswa kuzungumza Kiingereza, Kiitaliano kidogo, kumtuliza anayetapika kwa kichefuchefu cha bahari, na papo hapo jicho lake moja liwe kwenye wingu linalokuja. Akinasa huyo sulisuli, mara nyingi humtia alama na kumrudisha majini akiwa hai, ili bahari isije ikaisha samaki. Ni nani atakayesema hiyo si kazi ya akili?

Wapo wanaodhani pesa ni za kumwagika. Jamani, boti nyingi si mali ya nahodha. Mwenye boti hupokea malipo, nahodha hupata mshahara wake na bakshishi, mgeni akipenda. Halafu kazi yenyewe ni ya msimu. Kaskazi inapovuma, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, bahari ni shwari na wageni ni wengi. Kusi ikiingia, hasa mwezi wa Mei hadi Julai, mawimbi huchafuka na boti nyingi hupandishwa pwani kukwanguliwa na kupakwa rangi. Mwaka wa 2020 mambo yalizidi kuwa mabaya. Kwa ajili ya korona, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Machi, zikarudi Agosti. Mjomba alirudi kwenye mtumbwi, akavua samaki wa kula nyumbani.

Msidhani ni Kenya tu. Wenzao wa Visiwa vya Karibi, ambako watu wa Ulaya na Marekani hukodi mashua za matanga kwa wiki nzima, nao wana taabu zao. Nahodha wa huko hulala humo humo chomboni na wageni. Choo kikiziba ni yeye; nanga ikiteleza usiku wa manane ni yeye. Na kuanzia Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga. Septemba 2017 kimbunga kilichoitwa Irma kilipiga Visiwa vya Virgin vya Uingereza, kikarundika boti juu ya nchi kavu kama takataka. Waliokuwa na kazi Jumatatu hawakuwa na kazi mwisho wa wiki. Hiyo ndiyo "kuota jua" inayosemwa.

Sasa nifikie jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Nahodha hulipwa ili aondoe chombo bandarini, lakini thamani yake huonekana siku anapokataa kukiondoa. Mgeni ameshalipa, mwenye boti anataka pesa, mabaharia wanataka bakshishi, naye peke yake anasema, "Leo hatutoki." Akitii pesa, watu huangamia. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe kule Mombasa ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Nchi kavu haikuwa mbali. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, nayo imejaa kupita kiasi, ilizama ikielekea Pemba, na mamia wakaangamia. Bahari haikuwaonea watu hao. Walihitaji mtu wa kusema hapana.

Sisi tunaopanda matatu kila asubuhi kutoka Ruiru na Juja tunalijua jambo hili vizuri. Gari limejaa, lakini utasikia, "Songa huko nyuma, kuna nafasi ya mmoja." Tunasonga. Tukichelewa shuleni, sisi wenyewe ndio tunaomwambia dereva akanyage mafuta. Tungekuwa na madereva wenye moyo wa nahodha mwema, na abiria wenye kumheshimu anapokataa, tusingezika watu wengi hivi. Kwa hiyo nikisema tuusome unahodha, sisemi kwa ajili ya pwani peke yake.

Wengine husema hiyo ni kazi ya watu wa pwani, waachiwe wao. Nakubali kwamba wao ndio walimu wetu, na historia inawashuhudia. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka wa 1498 hakuijua njia ya kwenda Bara Hindi. Mfalme wa Malindi alimpa rubani, naye akamvusha hadi Calicut kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Ustadi huo haujafa. Mwaka wa 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walizindua dau liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki na ndala zipatazo 30,000 zilizookotwa, na mwaka wa 2019 likasafiri mpaka Unguja. Lakini elimu haina kabila. Pale Mombasa kuna chuo cha mabaharia, Bandari Maritime Academy, na mlango wake haumuulizi mtu alizaliwa wapi. Wala haumuulizi kama ni mwanamume. Elizabeth Marami amekwisha kuwa rubani wa meli katika bandari ya Mombasa, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufanya kazi hiyo. Wasichana wenzangu, hapo mnasemaje?

Tena msiniambie kwetu hakuna manahodha. Nendeni Fourteen Falls, kwenye Mto Athi, karibu na Ol Donyo Sabuk. Vijana wa pale huwavusha wageni kwa mashua na kuwatembeza penye maporomoko. Wanaujua ule mto, wapi pana mwamba na wapi maji yanavuta. Hao ni manahodha wa boti za kukodiwa, ila hatuwaiti hivyo kwa sababu hawana kofia nyeupe. Badala ya kuwadharau, ingefaa kaunti iwapatie mafunzo na vibali, na abiria yeyote asikanyage mashua bila jaketi ya kujiokoa. Mgeni naye asione haya kuidai.

Na sisi wenyewe je? Wangapi kati yetu tunajua kuogelea? Mimi nilifundishwa na binamu zangu kule Watamu. Lau si hivyo ningezama kama jiwe. Hapa kwetu kila mvua kubwa ikinyesha matimbo ya mawe hujaa maji, na kila mara tunasikia mtoto amezama. Ni watoto wa majirani, si watu wa mbali. Mpiga mbizi nchi kavu huchunuka uso, lakini asiyejua mbizi kabisa maji humchukua. Nawaomba walimu wetu, kwa heshima, mambo mawili. La kwanza, siku ya kuzungumzia kazi za baadaye, aitwe hata mara moja mtu wa bahari atuzungumzie. La pili, ingawa shule ya kutwa kama yetu haina bwawa, tutafutiwe njia ya kujifunza kuogelea, hata kama ni mara moja kwa muhula kwa kulipia kidogo kidogo.

Mwisho, sisi wanachama wa Kiswahili tuna deni. Kila wiki tunaandika katika insha kwamba mambo yalienda mrama, kwamba manahodha wengi jahazi huenda mrama, kwamba hapa natia nanga. Maneno hayo tuliyapokea kutoka kwa watu walioyumbishwa na mawimbi kweli, na nanga zao zilikuwa za chuma. Tukiyatumia kila siku huku tunawacheka wenye kazi hiyo, tutakuwa kama mtu anayekula wali na kumtukana mkulima. Anayetaka kucheka na acheke. Mimi fomu yangu nimeijaza, na penye swali la kazi ninayoitaka nimeandika kwa kalamu ya wino: nahodha.

Mwanafunzi wa kike, Kidato cha Tatu