Kukata kilele si kufungua mandhari

Mwandishi mmoja wa makala za viwanja vya pwani ameshauri kwamba mwenye nyumba akitaka kuiona bahari aikate miti vilele, kwa kuwa itachipua tu. Mimi napogoa miti hapa Nyali, na ushauri huo naukataa.

Mkungu utachipua, ndiyo. Utatoa machipukizi marefu, yaliyosongamana, yaliyoshika juujuu tu karibu na gome. Kusi likivuma kwa nguvu yanabanduka, na chini yake kidonda kimeshaanza kuoza. Bahari nayo imezibwa upya, kwa majani mazito kuliko ya kwanza. Mvinje mkubwa ndio balaa: ukikatwa kichwa, mara nyingi haurudi. Na huo ndio mti uliokubali kuota kwenye machimbo makavu ya Bamburi, mwanamazingira Rene Haller alipoupanda miaka ya 1970!

Anayeitaka bahari apunguziwe matawi. Naanza na mkato mfupi upande wa chini wa tawi, gome lisichanike hadi kwenye shina. Kisha nalikata kutoka juu, mbele kidogo. Kipande kinachobaki nakiondoa nje ya ule uvimbe wa shingo ya tawi, maana hapo ndipo mti hufunga kidonda chake. Bahari inaonekana kati ya majani na kivuli kinabaki. Ni kazi ya kutwa, na bei yake inaizidi ya mkataji mwenye panga. Ilipwe.