Mifupa Ikiuma, Tuziulize Figo

Katika vijiji vyetu, mtu anayelalamika kwamba mifupa yamuuma hapewi uzito mkubwa. Akiwa mzee, huambiwa kuwa huo ndio uzee. Akiwa kijana, huambiwa kuwa ni uchovu wa jembe. Maumivu yakizidi, na pengine taya likaanza kuvimba au mfupa wa paja ukavunjika kwa kujikwaa tu, hapo ndipo maneno ya uchawi huanza kunong'onwa. Uzee, uchovu na uchawi vyote hutajwa, lakini figo hazitajwi. Hilo ndilo kosa ambalo hatuna budi kulizungumza waziwazi.

Tuchukue mfano. Tuseme yupo mkulima wa migomba na kahawa katika kata ya Ntobeye, wilayani Ngara. Kwa miaka mingi amekuwa na shinikizo kubwa la damu bila kujua, maana ugonjwa huo haupigi hodi. Polepole umeziharibu figo zake. Sasa nyonga zinamuuma, mbavu zinamuuma, hata kuinama shambani ni adhabu. Anafanya nini? Anakwenda dukani, ananunua vidonge vya kutuliza maumivu kama vile diklofenaki, naye anavimeza mwezi baada ya mwezi. Kumbe dawa za aina hiyo, zikitumiwa mfululizo, huziumiza zaidi figo zilizokwisha dhoofika. Hivyo mkulima wetu anatuliza mifupa leo kwa gharama ya figo zake, na kadiri figo zinavyozidi kufa, ndivyo mifupa inavyozidi kuliwa. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mifupa na figo vinahusiana vipi? Wengi wetu tunajua kwamba kazi ya figo ni kutengeneza mkojo. Hiyo ni sehemu tu ya kazi yake. Figo huondoa mwilini fosforasi ya ziada itokanayo na vyakula kama nyama, maziwa na samaki. Aidha, figo huikamilisha vitamini D ili mwili uweze kufyonza kalisi iliyomo katika chakula. Figo zikishindwa kazi, fosforasi hulundikana katika damu na kalisi hupungua.

Shingoni, nyuma ya tezi ile ambayo ikivimba huitwa rovu, kwa kawaida zipo tezi nyingine ndogo nne, kila moja yapata ukubwa wa punje ya mchele. Huitwa tezi za parathiroidi, na wajibu wake mkuu ni kulinda kiasi cha kalisi katika damu, kwa sababu moyo, misuli na mishipa ya fahamu haviwezi kufanya kazi sawasawa bila madini hayo. Tezi hizo zikiona kalisi imepungua, humwaga homoni, na homoni hiyo huamuru ghala lifunguliwe. Ghala la kalisi ni mifupa. Kwa mgonjwa wa figo amri hiyo haikomi. Tezi zinavimba, homoni inamwagwa mchana na usiku, na mifupa inamomonyoka. Ni sawa na kaya inayokula mbegu zake: leo imeshiba, lakini msimu ujao haina cha kupanda.

Pale mfupa unapoliwa zaidi, hasa katika taya, mbavu, nyonga na mifupa mirefu ya mikono na miguu, hubaki tundu lililojaa nyama laini na damu iliyovuja. Kwa ajili ya damu hiyo, madaktari huuita uvimbe wa kahawia. Jina hilo lisimtie mtu hofu, kwani uvimbe huo si saratani. Hata hivyo, kipande chake kikitazamwa kwa darubini huweza kufanana na uvimbe wa aina nyingine, na daktari asiyejua habari za figo za mgonjwa wake huweza kupotoka. Kwa hiyo, kabla taya la mgonjwa wa figo halijakatwa, damu yake ipimwe kwanza. Mara nyingi tezi zikidhibitiwa, uvimbe nao hupungua.

Tusidhani kwamba kupotoka huko ni kwa wanyonge peke yao. Tezi hizi zilielezwa mwaka 1880 na Ivar Sandström, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari huko Uppsala, Sweden. Mwaka 1891 mtaalamu wa Kijerumani, von Recklinghausen, alieleza ugonjwa wa mifupa iliyoliwa bila kujua chanzo chake. Mwaka 1925, mjini Vienna, daktari Felix Mandl alimtibu mfanyakazi wa tramu ambaye mifupa yake ilikuwa ikimomonyoka, ingawa chanzo chake hakikuwa figo. Kwanza alidhani tezi za mgonjwa zimepungukiwa nguvu, akampandikizia nyingine. Haikusaidia. Ndipo alipompasua shingo, akakuta tezi moja imevimba, akaitoa, na mgonjwa akapata nafuu kubwa, ingawa ugonjwa ulimrudia miaka michache baadaye. Ikiwa mabingwa wa Vienna waliweza kuifasiri habari hii kinyume, wananchi wa Ntobeye hawastahili kulaumiwa. Wanastahili kuelimishwa.

Wapo watakaosema kwamba ugonjwa huu ni wa matajiri wa mijini. La hasha! Uchunguzi uliofanywa Moshi na kutangazwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa watu wazima wapatao 7 katika kila 100. Ni kweli kwamba mjini ulizidi, lakini vijijini pia ulikuwapo. Na katika wagonjwa waliogunduliwa, ni kama mmoja tu kati ya 10 aliyekuwa akijijua.

Nchi yetu imepiga hatua za kujivunia. Mwaka 2017 figo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza nchini katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ikafuata. Huduma ya kusafisha damu kwa mashine, ambayo zamani ilikuwa ndoto, imeenea. Lakini tuhesabu. Mgonjwa husafishwa damu mara tatu kwa juma, yapata saa nne kila mara. Hizo ni mara 156 kwa mwaka. Mwananchi wa Ntobeye akitegemea Bugando, Mwanza, ni lazima ahame shamba na jamaa zake. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea adha ya kungoja kivuko, lakini haliwezi kuifanya Mwanza iwe jirani ya Ngara.

Kwa hiyo vita hii haina budi kuanzia zahanati. Kifaa cha kupima shinikizo la damu na karatasi ya kupimia mkojo si vitu vya anasa. Kila mtu mzima afikaye zahanati apimwe shinikizo; na mwenye shinikizo au kisukari apimwe mkojo na figo mara kwa mara. Pili, wenye maduka ya dawa waache kuuza vidonge vya maumivu kama karanga. Tatu, mgonjwa ambaye tayari figo zake zimeshindwa apimwe kalisi, fosforasi na homoni ya tezi. Hata picha ya eksirei ya vidole huweza kuonyesha mifupa inayoliwa. Tiba ipo: mpangilio wa chakula, dawa za kuzuia fosforasi, vitamini D ya aina maalumu, na ikibidi upasuaji wa tezi. Lakini dawa hizo zitolewe na daktari, maana kalisi ikizidi nayo hugandisha mishipa ya damu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Ni haki ya wananchi kudai kwamba vipimo na dawa hizi visiachwe pembeni katika utekelezaji wake. Haifai kutumia fedha nyingi kumsafisha mtu damu, kisha tukamwacha avunjike mifupa kitandani kwa kukosa kipimo kimoja.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika vijijini kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Hawakungoja kila mmoja wao awe daktari. Maradhi ya leo ni mengine, lakini njia ni ile ile: kuelewa, kujadiliana na kutenda. Basi jirani akisema mifupa yamuuma, tusimwambie kwamba ni uzee, wala tusimtafutie mchawi. Tumwambie akapimwe figo.